Dawa Ndani ya Uji

Kisa huandikwa kwa penseli, kwenye karatasi moja, upande mmoja. Mwalimu hukiandaa siku kadhaa kabla ya kipindi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kupunguza. Anaondoa jina. Anaondoa wilaya, kisha kazi ya mgonjwa, kisha idadi ya ndugu zake, kwa sababu Rwanda ni nchi ndogo, na mtu wa Kigali akitajiwa mtaa, kanisa na mwaka wa kumaliza shule anaweza kuikisia familia. Aliyekuwa fundi pikipiki anageuka mwanafunzi wa chuo. Aliyekuwa binti anageuka kijana wa kiume. Visa viwili au vitatu vya miaka tofauti vinaunganishwa kuwa kimoja. Kinachobaki ni kile tu ambacho kikiondoka swali nalo linaondoka: ugonjwa, hofu, mtu aliyeomba siri, daktari anayetakiwa kujibu. Anasoma alichoandika, anafuta neno, anasoma tena. Mstari ukimwelekeza msomaji kwa mtu fulani unafutwa, hata kama ulikuwa mzuri kuliko yote.

Nilipoomba kukaa kwenye kipindi chake cha maadili niliwekewa sharti hilo hilo. Hospitali nisiitaje, mwalimu nisimtaje, wanafunzi nisiwaeleze kwa namna ambayo jirani yao angewatambua. Nimelishika. Itoshe kusema tulikuwa Kigali, chumba cha ghorofani, madirisha wazi, na kwamba mwalimu ni mama wa makamo anayeongea polepole na kusikiliza polepole zaidi.

Wanaoisubiri karatasi yake si wanagenzi. Ni madaktari waliokwisha kufanya kazi katika hospitali za wilaya, wakazalisha kwa upasuaji, wakatibu malaria ya watoto, kisha wakachagua kurudi darasani kusomea ubingwa wa magonjwa ya akili. Mafunzo hayo, ya miaka minne, yalianza Chuo Kikuu cha Rwanda mwaka 2013. Kabla ya hapo Mnyarwanda aliyeutaka ubingwa huu aliufuata ng'ambo, kama Naasson Munyandamutsa, aliyesomea Geneva, akarudi nyumbani baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 yaliyomwondolea familia yake, akaikuta nchi nzima imejeruhiwa nafsi na madaktari wa kuitibu karibu hakuna. Aliifanya kazi hiyo hadi alipofariki mwaka 2016. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba mtu mmoja kati ya watano ana tatizo fulani la afya ya akili, na miongoni mwa manusura wa mauaji ya kimbari ni zaidi ya nusu. Nchi ina watu zaidi ya milioni 13. Mabingwa wake bado ni wa kuhesabika.

Uchache huo ndio unaomfanya mwalimu afundishe anavyofundisha. Anajua kwamba huyu atapelekwa Rusizi na yule Nyagatare, na kwamba usiku mmoja kila mmoja wao atakuwa peke yake, mgonjwa mbele yake, familia mlangoni, na hakuna mwenzake wa fani hiyo wa kumuuliza. Kanuni nne zilizoandikwa na Beauchamp na Childress mwaka 1979, yaani kuheshimu uamuzi wa mgonjwa, kumtendea mema, kutomdhuru, na kutenda haki, wanafunzi wanazijua tangu mwaka wa kwanza wa udaktari. Wanaweza kuzitaja usingizini. Mwalimu hazidharau, ila haanzi nazo. Anachotaka kuwaachia ni mazoea: jinsi ya kusimama kabla ya kujibu, mahali pa kuelekeza macho, swali lipi litangulie lipi.

Chumba kinapangwa kwanza. Meza zinasogezwa ukutani. Viti vinawekwa nusu duara kuelekea ubao mweupe, na katikati vinaachwa viti vitatu vitupu ambavyo kwa saa nzima ya kwanza hakuna anayevikalia. Simu zinazimwa na kuwekwa kwenye kikapu kando ya mlango, pamoja na ya mwalimu. Kila mwanafunzi anapewa nakala ya kisa, na kipindi kikiisha nakala zote zinakusanywa na kuhesabiwa. Kisha mwalimu anasoma kwa sauti, polepole, kama mtu anayemsomea barua mzee asiyeona vizuri.

Kisa cha siku ile kilikuwa hiki. Kijana wa miaka 24 ameacha masomo. Halali. Anasikia sauti, na anaamini kwamba jirani anataka kumuua kwa sumu. Amekataa kulazwa, amekataa vidonge. Mama yake, baada ya miezi ya kubembeleza, amepata dawa ya matone ya haloperidoli, na kwa wiki kadhaa amekuwa akiitia kwenye uji wake wa mtama kila asubuhi. Kijana ametulia kidogo, amelala. Lakini jana shingo yake ilipinda upande mmoja ikakakamaa, macho yakageukia juu, taya likabana. Ni dhara linalojulikana la dawa hiyo, na sindano aliyochomwa alipofika imemlegeza. Sasa ameketi mbele ya daktari, na ana swali moja tu: kuna kitu wananitilia kwenye chakula? Dakika chache kabla, kwenye korido, mama alimshika daktari mkono akamwomba asiseme.

Msomaji wa mbali auelewe uzito wa swali hilo. Rwanda mwenyeji huonja kinywaji kabla ya kumpa mgeni, na chupa hufunguliwa mbele ya macho ya mnywaji. Hofu ya sumu si ya wagonjwa peke yao.

Wanafunzi walikuwa tayari na majibu, mikono ikainuka. Mwalimu hakumchagua mtu. Aliandika ubaoni swali lake la kwanza: nani wako ndani ya chumba hiki? Majina yakaanza kutoka. Mgonjwa. Mama. Daktari. Baba mdogo aliyemleta kwa pikipiki. Muuguzi aliyechoma sindano. Akaandika yote, akageuka, akangoja. Mtu akasema: mdogo wake wa kike, maana ndiye anayepika uji. Mwingine akasema: jirani anayeshukiwa. Wa tatu, baada ya kimya kirefu, akasema: wagonjwa wengine wa wodini, kwa sababu wakijua kwamba hospitali ilishirikiana kuficha dawa, nao wataanza kuichunguza sahani. Hapo kalamu ilitua kidogo kabla ya kuandika. Nilielewa kwamba hilo ndilo jina alilokuwa akilingoja, na kwamba angelingoja hadi jioni kuliko kulitaja mwenyewe.

Kisha dada mmoja akauliza: baba yake alifariki lini? Kwenye karatasi baba hatajwi.

"Unahitaji kujua kwa ajili ya nini, Dogiteri?"

Dada alifikiri. Akasema anataka kujua kama ugonjwa kama huu umewahi kuonekana kwenye ukoo.

"Basi uliza hivyo."

Sikumbuki kama somo lolote la maadili nililowahi kulisikia lilikuwa fupi na kamili kiasi hicho. Katika nchi hii, kuuliza mtu baba yake alifariki lini na vipi kunaweza kuufungua mwezi wa Aprili 1994 katikati ya maongezi ya dakika kumi, mlango ukiwa wazi na foleni nje. Unaweza kumfungua mwana wa aliyeuawa, au mwana wa aliyeua. Daktari ana haki ya kuuliza anachokihitaji kwa tiba. Zaidi ya hapo anachokonoa kidonda ambacho hana muda wa kukifunga. Mwalimu hakuyasema haya yote. Alisema maneno yake matatu, na nikawaona wanafunzi kadhaa wakirekebisha maswali waliyokuwa wameshayaandika daftarini.

Hatua iliyofuata ilikuwa safu mbili za wima ubaoni. Kushoto: tunachokijua. Kulia: tunachokidhani. Kila sentensi ya kisa inachukuliwa na kupelekwa inakostahili, na kazi hii ni ndefu kuliko unavyodhani. "Mama anampenda" ikaenda kulia, wengine wakilalamika. "Ametulia" ikapelekwa kushoto, ikarudishwa kulia mtu alipouliza ametulia au amelegea kwa dawa. Ikafika zamu ya sumu. Kijana mmoja wa mwaka wa pili akasema bila kusita kwamba anayoyasema mgonjwa kuhusu chakula ni dhana ya ugonjwa, wala haihitaji mjadala. Mwalimu akaandika alivyosema, upande wa kushoto, kwa herufi kubwa. Kisha akakaa kitini. Hakuuliza kitu. Alitazama sakafu.

Nimewahi kuona walimu wakitumia kimya kama fimbo. Kimya chake hakikuwa cha namna hiyo. Hakikumtafuta mtu, hakikuharakishwa na saa ya ukutani, kilikuwa nafasi tu aliyowaachia. Upepo uliinua pembe za karatasi. Yule yule kijana wa mwaka wa pili ndiye aliyeinuka. Akaenda ubaoni, akafuta, akasimama na kalamu mkononi. Akasema taratibu kwamba mgonjwa anadhani kuna kitu kwenye chakula chake, na kitu kipo. Anadhani kinamdhuru mwilini, na shingo ilipinda. Amekosea kuhusu jirani, amekosea kuhusu nia. Kuhusu uji hajakosea. Akagawa sentensi vipande viwili, kimoja kushoto, kimoja kulia, akarudi kukaa. Mwalimu alimshukuru kwa kichwa tu. Sifa angeweza kumpa, lakini sifa ingewafanya wengine wamtazame kijana badala ya ubao.

Kutoka hapo kisa kilibadilika uzito wake. Daktari akimjibu mgonjwa "hapana, hakuna kitu," atakuwa amemwambia mtu mwenye ugonjwa wa kuvurugikiwa na uhalisia kwamba jambo la kweli si la kweli. Atakuwa ameongeza ugonjwa kwa mdomo wake.

Sehemu ya uwezo wa kuamua ilipita haraka zaidi. Mwaka 1988 Wamarekani Appelbaum na Grisso waliutenganisha uwezo huo katika mambo manne: kuelewa unachoelezwa, kutambua kwamba kinakuhusu wewe, kupima njia moja dhidi ya nyingine, na kueleza chaguo lako. Mwalimu aliwataka wanafunzi wayaeleze kwa maneno ambayo wangeweza kumwambia mhudumu wa afya wa kijijini. Akasisitiza jambo moja tu, kwamba uwezo haupimwi mara moja kwa yote. Mgonjwa anayeshindwa kuamua kuhusu sindano ya mwezi mzima anaweza kabisa kuamua nani aingie chumbani, na asiyeweza saa tatu usiku anaweza saa nne asubuhi. Rwanda iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2008, na mkataba huo unamtambua mtu huyu kuwa mtu mbele ya sheria siku zote, hata siku anapohitaji kusaidiwa kuamua. Wanafunzi walibishana kuhusu dharura, na ubishi ulikuwa mzuri, lakini mwalimu aliukata kwa kuvisogeza vile viti vitatu.

Hapa ndipo ufundi wake ulipo. Majukumu ya kukiigiza kisa huandikwa kwenye vikaratasi na kukunjwa. Anayefungua chake na kuona hawezi kukibeba siku hiyo, anakigeuza kifudifudi na kukirudisha kikapuni. Haulizwi sababu. Wanafunzi hawa wamezaliwa katika nyumba zenye kumbukumbu tofauti, na mwalimu hataki kujua nani ametoka nyumba ipi. Anachotaka ni kwamba kila mtu awe na njia ya kutoka ambayo haimgharimu heshima. Siku ile kikaratasi kimoja kiligeuzwa. Kikachukuliwa na mwingine, kazi ikaendelea.

Wanacheza kwa Kinyarwanda, kwa sababu Kiingereza cha vitabuni hakina mgonjwa nyuma yake. Tena wanarudia kwa Kiswahili, lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017, maana wagonjwa hufika pia kutoka Goma na Bukavu. Mwalimu anachukua kigoda, anakaa pembeni chini kuliko wachezaji, daftari gotini. Akitaka kusimamisha anainua kiganja. Hasemi "umekosea." Anasema "rudi kwenye sentensi ile."

Daktari wa mchezo alianza kwa kumwambia mgonjwa kwamba asiwe na wasiwasi, kwamba hapa yuko salama. Kiganja. Alikuwa ameulizwa kuhusu chakula, akajibu kuhusu usalama. Akajaribu tena, safari hii kwa pumzi moja: mama yako alikuwa anakutilia dawa kwenye uji. Kiganja. Mwalimu hakumgeukia daktari, alimgeukia mwanafunzi aliyecheza mama, akamuuliza amesikia nini tumboni mwake. Akajibu kwamba alitaka ardhi immeze. Akamgeukia aliyecheza mgonjwa. Huyo akasema kwamba tangu kipindi kianze daktari amemtazama usoni mara moja tu, na kwamba mama yake anaitwa kwa adabu, "mnaonaje, Mama," ilhali yeye anaambiwa "wewe, unasikia?" Hakuna aliyekuwa ameligundua hilo, hata mimi niliyekaa nyuma nikiandika.

Wakasimama. Wakakubaliana kwamba maongezi haya yanaanzia pabaya. Yanapaswa kuanzia kwenye korido, pale mama aliposhika mkono. Viti vikahamishwa hadi karibu na mlango, kwa sababu koridoni watu hawaketi kwa raha, na mwalimu anataka mwili ukumbuke mazingira. Aliyecheza mama, kwa Kiswahili cha Goma, akasema:

"Dogiteri, mutoto akijua, hatakula tena kitu ya mukono yangu."

Daktari wa mchezo akakaa kimya. Mara ya kwanza tangu asubuhi, kimya chake kilifanana na cha mwalimu. Kisha akasema, "Mama, nimekusikia. Umebeba mzigo huu peke yako."

Hapo nilidhani yameisha vizuri. Kiganja kikainuka. Mwalimu akasema maneno ni mazuri, lakini mama ataondoka akidhani amekubaliwa siri yake. Huruma imetumika kukwepa jibu. Wakarudi. Akasema hawezi kuahidi siri. Ikawa kavu mno, mama akarudi nyuma hatua. Wakarudi. Akaeleza sheria. Ikawa ndefu. Wakarudi tena na tena, sentensi moja ikipanguliwa na kupangwa, mwalimu akiikagua kama fundi cherehani anayeipindua nguo kutazama mshono wa ndani, na kipimo chake kilikuwa kimoja: je, ungeweza kuisema sentensi hiyo mgonjwa akiwa amesimama nyuma yako? Mwishowe, jua likiwa limeshahamia ukuta wa pili, daktari akasema:

"Mama, akiniuliza sitamdanganya. Ila sitaki asikie kwangu kabla ya kusikia kwako. Tukae leo, wewe na mimi, tupange utakavyomwambia. Nitakuwa karibu yako ukisema."

Kiganja hakikuinuka. Mwanafunzi aliyecheza mama alikuwa analia kidogo, naye akasubiriwa.

Baada ya chai mwalimu alileta historia. Nilimuuliza baadaye kwa nini haitangulizi. Alisema mtu akianza na maovu makubwa, wanafunzi wanajihesabu kuwa wema kwa sababu hawajaua mtu. Wakishaona jinsi ilivyokuwa rahisi, asubuhi ya leo, kumwambia mgonjwa uongo mdogo kwa nia njema, wanaisikiliza historia kwa masikio mengine.

Historia yenyewe haiko mbali. Hospitali ya Ndera, upande wa mashariki wa Kigali, iliyoanzishwa na Mabruda wa Upendo na kuanza kupokea wagonjwa mwaka 1972, ndiyo mama wa tiba ya akili nchini. Aprili 1994 Watutsi walikimbilia humo wakitumaini kwamba kuta za wagonjwa zingeheshimiwa. Waliuawa humo, na wagonjwa pia waliuawa. Wala taaluma haikumkinga kila aliyekuwa nayo na kushiriki mauaji hayo. Daktari Gérard Ntakirutimana, aliyefanya kazi hospitali ya Mugonero, alihukumiwa miaka 25 na mahakama ya Arusha mwaka 2003. Sosthène Munyemana, daktari wa magonjwa ya wanawake, alihukumiwa miaka 24 mjini Paris mwaka 2023. Mwalimu anayataja bila kupandisha sauti, tarehe na hukumu, kama anayesoma majibu ya maabara. Akaongeza Ujerumani, ambako kati ya mwaka 1940 na 1941 wagonjwa wa akili wapatao 70,000 waliuawa kwa gesi, na fomu za kuwachagua zilijazwa na madaktari wa fani hii hii. Akaongeza Umoja wa Kisovyeti, ambako wapinzani wa serikali walipewa majina ya magonjwa. Hapo ndipo maazimio ya maadili ya madaktari wa akili, la Hawaii la mwaka 1977 na la Madrid la mwaka 1996, yanapopata maana kwa mwanafunzi. Kila kifungu kina mtu aliyeumizwa kabla hakijaandikwa.

Mfano aliokaa nao zaidi ulikuwa wa jirani zetu. J. C. Carothers aliongoza hospitali ya Mathari, Nairobi, kuanzia mwaka 1938. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha andiko lake kuhusu akili ya Mwafrika, ambamo Mwafrika analinganishwa na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata, kwa ombi la serikali ya kikoloni, aliandika kuhusu Mau Mau, na watu waliokuwa wakipigania ardhi wakageuzwa kuwa watu wenye tatizo la nafsi. Mwalimu huwapa wanafunzi kurasa chache za Carothers na kuwaomba watafute mahali ambapo daktari anaacha kutazama mgonjwa na kuanza kumtumikia aliyemwajiri. Wanapigia mstari. Wanatofautiana. Wengine wanaona ni ukurasa wa kwanza, wengine wanaona aliteleza kidogo kidogo, kila sentensi ikiegemea iliyotangulia. Mwalimu alivutiwa na hawa wa pili, akawauliza wangeshtuka kwenye sentensi ya ngapi kama wangekuwa wao wanaoandika.

Kuna sehemu ya ufundishaji huu isiyofanyika darasani. Kila Machi, kabla ya wiki ya maombolezo inayoanza tarehe 7 Aprili, mwalimu anapanga zamu. Siku hizo, kwenye viwanja na makaburi ya kumbukumbu, kuna watu wanaoshikwa na ihahamuka: mama anapiga kelele, anakimbia, anaziona tena panga. Wahudumu wa kujitolea wanamtoa kando na kumlaza kwenye godoro. Mwanafunzi atakayekuwepo amefundishwa asimuulize kisa chake, asikimbilie sindano, aseme jina lake mwenyewe na mahali walipo, aombe ruhusa kabla ya kumgusa, maana huenda mwili huo ulishaguswa kwa nguvu, na azuie simu za wapiga picha. Lakini kabla ya kuwapanga, mwalimu hupita kwa kila mmoja faraghani na kumuuliza kama wiki hiyo anaweza kuwa kazini au anahitaji kuwa nyumbani. Jibu ni ndiyo au hapana, na sababu hailetwi. Ratiba inapobandikwa, huwezi kujua nani ameomba nini. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho aliniambia kwamba alijifunza siri ya mgonjwa ni nini siku aliposoma ratiba ile na kushindwa kubaini kitu kuhusu wenzake.

Kipindi kilimalizika kwa kazi ya kuandika. Kila mwanafunzi anaandika mpango wake kwa ajili ya kijana wa uji, kama utakavyoingia kwenye faili la mgonjwa, na sahihi na saa. Mwalimu anaamini kwamba uamuzi ambao hauwezi kuandikwa ili muuguzi wa zamu nyingine autekeleze bado haujafanywa. Anasoma kila karatasi mbele ya mwenyewe, wakiwa wamesimama bega kwa bega karibu na dirisha, na anauliza swali moja, mara chache mawili. Aliyeandika "familia ishirikishwe" aliulizwa nani, lini. Aliyeandika "mgonjwa aelimishwe" aliulizwa angejisikiaje kuelimishwa. Karatasi ya yule kijana wa mwaka wa pili ilirudishwa zaidi ya zote. Wenzake walishaondoka, mfagiaji alishaingia, na mwalimu alikuwa bado amesimama naye, akisoma toleo jipya kwa utulivu ule ule aliosomea la kwanza.

Hatimaye ilisomeka hivi. Mazungumzo yafanyike kesho saa nne asubuhi, mgonjwa akiwa ameshakula chakula alichojipakulia mwenyewe. Aulizwe kwanza kama anataka mama awepo. Mama ndiye aanze kusema, daktari akae upande wa mgonjwa. Mgonjwa atajiwe jina la dawa, aelezwe kwamba ndiyo iliyopinda shingo, na aahidiwe kwamba kuanzia leo hakuna kitakachotiwa kwenye chakula chake bila yeye kujua. Mama asilaumiwe mbele yake wala nyuma yake. Akikataa dawa zote, aulizwe yeye angependa kuanza na nini, usingizi au zile sauti, na aonwe tena siku inayofuata. Akimtishia jirani au kujidhuru, daktari wa zamu aitwe kabla ya mtu yeyote kuandaa sindano. Wauguzi wa zamu ya mchana na ya usiku, pamoja na wapishi, waambiwe haya yote leo kabla ya saa kumi na mbili jioni.